Refa wa besiboli anakimbilia wapi?

Washikaji zangu wa Tanga, wale niliokuwa nao kwenye chama cha waamuzi wa mpira wa miguu, wana wimbo mmoja kila nikiwapigia simu: "Siku hizi umepata kazi ya kusimama, ndugu yetu." Wameona video mbili tatu za besiboli, mchezo ninaouchezesha siku hizi, nilizorusha kwenye kundi letu la WhatsApp. Mtu kavaa shati jeusi, kajikunja nyuma ya mdakaji, yule anayedaka mpira ukimpita mpigaji, mpira unapita, ananyanyua mkono, anajikunja tena. Basi. Wao bado wanapelekeshwa kwenye mtihani wa utimamu wa mwili, mita 40 mara sita kwa kasi, halafu zile mita 75 kukimbia na 25 kutembea mpaka mtu anaanza kumwona babu yake aliyekufa, na mwenzao yuko Houston, Marekani, analipwa kwa kuchuchumaa.

Nimeamua kuwajibu hapa kwa kirefu, maana kwenye simu hawaniachi nimalize sentensi.

Kwa asiyeujua mchezo: kuna besi nne zimepangwa pande nne. Kwa vijana wa sekondari na watu wazima, kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 90, mita 27 na ushee. Mpigaji akiupiga mpira anaorushiwa na mrushaji anatimka kuelekea besi ya kwanza, na waliokuwa wamesimama kwenye besi nao wanatimka kwenda za mbele. Akimaliza kuzunguka zote na kufika ya mwisho, ile anaposimama mpigaji na inayoitwa nyumbani, ni pointi. Wanaolinda wanataka mpira ufike kabla yake: ukitangulia mpira ni auti, ametolewa; akitangulia yeye ni sefu, yuko salama. Wa kusema nani kafika kwanza ni refa.

Sasa, ukiangalia ligi kuu ya Marekani kwenye televisheni unaona waamuzi wanne, kila mmoja na besi yake. Hao ni matajiri. Huku chini, kwenye mechi za shule na mashindano ya vijana ya wikendi, tuko wawili. Mmoja nyuma ya mdakaji, mwingine ndani ya uwanja. Waamuzi wawili, besi nne, na kuna wakati wanaokimbia wako wanne kwa mpigo. Hata wanaofika juu wameanzia hukuhuku kwa wawili wawili. Jen Pawol, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu wa kawaida ya ligi kuu, alisimama besi ya kwanza pale Atlanta tarehe 9 Agosti 2025. Ligi ndogo alianza 2016. Hesabu mwenyewe miaka aliyokula vumbi.

Nieleze tukio moja tu, la kawaida kabisa, linalotokea karibu kila mechi. Mimi niko nyuma ya mdakaji. Kuna kijana amesimama besi ya kwanza. Mpigaji anaupiga mpira unadondoka kulia, kwenye nyasi za nyuma. Hapo hapo navua maski kwa mkono wa kushoto, kila siku wa kushoto, kwa sababu wa kulia ni wa kutolea uamuzi, na naivua kwa mbele kofia isianguke. Namwambia mwenzangu kwa sauti, "Nina ya tatu!" Maana yake yeye abaki na besi ya kwanza na ya pili, yule kijana akikata kona kwenda ya tatu ni wangu. Naondoka. Miguuni nina vikinga ugoko vinavyofika juu ya magoti, kifuani nina ngao, viatu vina chuma kwenye vidole, mfukoni mipira mitatu inagongagonga paja. Nakimbia upande wa nje wa mstari huku shingo imegeukia uwanjani, naangalia mpira uko mkononi mwa nani na kijana anakanyaga wapi. Nikiona kweli anakuja, naingia ndani, natafuta mahali ninapouona mguu wake, besi na glovu ya mlinzi vyote kwa pamoja. Nasimama. Vumbi. Naangalia. "Sefu!"

Hapo hujamaliza. Mara nyingine mpira unampita mlinzi na kwenda kugonga uzio, kijana ananyanyuka na kuendelea kwenda nyumbani. Kule nyumbani hakuna mtu, mwenye kule ni mimi niliyeko huku. Yule ana miaka 17, hana ngao wala vikinga, na mimi umri wangu unaanza na nne na uko karibu kuaga namba hiyo. Inabidi nimtangulie. Haya, waulize tena washikaji wangu kama ni kazi ya kusimama.

Ila kuna jambo nililolielewa polepole, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Kwenye soka refa anakimbia ili awe karibu na mpira, na anaamua akiwa bado anakimbia. Kwenye besiboli refa anakimbia ili awahi kusimama. Uamuzi mzuri unatolewa na mtu ambaye miguu imetulia na kichwa hakichezi. Kama bado unakimbia wakati mguu wa mchezaji unagusa besi, picha unayoipata machoni ni kama video iliyopigwa na abiria wa bodaboda. Utasema umeona, lakini umeotea. Kwa hiyo pumzi na mapaja ya refa wa besiboli kazi yake ni kumnunulia ile nusu sekunde ya kusimama kabla jambo halijatokea. Mvivu akiondoka amechelewa, anafika akiwa kwenye mwendo, anaamua akiwa kwenye mwendo. Mwenye mazoezi utamwona amesimama pale, ameweka mikono magotini, anasubiri. Mtazamaji anadhani hakukimbia kabisa!

Besi ya kwanza mambo ni ya masikio zaidi. Mpira ukipigwa chini, mwamuzi wa uwanjani anaingia ndani hatua kadhaa, anatafuta pembe mraba na njia ya mpira unaorushwa, umbali wa mita tano hivi kutoka besi. Halafu macho yanabaki kwenye besi na mguu, sikio linasikiliza mpira ukigonga glovu. Kipi kimetangulia, mlio au mguu? Hapo ukiwa unahema kwa nguvu, hata sikio lako linakuangusha. Nawaambia kweli.

Mwaka jana nilipangwa na mzee mmoja, kanuni za mchezo anazo zote kichwani, ukimwuliza kipengele chochote anakujibu bila kufungua kitabu. Mguu ndiyo hanyanyui. Yeye alikuwa uwanjani, mimi nyuma ya mdakaji nikiwa na mchezo mwingine wa kuulinda nyumbani. Mchezaji akaenda ya tatu, mlinzi akamgusa na glovu yenye mpira. Yule mzee hakutoka katikati ya uwanja, karibu na kilima cha mrushaji. Alisimama palepale akanyanyua ngumi: auti. Na ilikuwa auti kweli, mimi kwa pembe niliyokuwapo niliona glovu inagusa paja kabla ya mguu kufika. Lakini kocha alitoka kwenye benchi akiwa mwekundu hadi masikioni. Hakuuliza kanuni. Aliuliza swali moja: "Umeona nini ukiwa huko?"

Mzee alijibu vizuri, kwa utulivu, na alikuwa na haki. Haikusaidia kitu. Kuanzia hapo kila mpira ulikuwa na kelele, wazazi wakaanza kusimama kwenye viti, vijana wenyewe wakaanza kugeuza macho kila nikisema straiki, yaani mrushaji kaupitisha mpira eneo halali. Iningi tatu zilizobaki (iningi ni raundi, kila timu inapata zamu ya kupiga) tulizichezesha tukiwa tumezongwa pande zote, kwa ajili ya uamuzi uliokuwa sahihi. Wakati kocha huyohuyo, wiki nyingine, uwanja mwingine, aliniambia kwa tabasamu la kulazimisha, "Sikubaliani na wewe, refa, ila ulikuwa palepale," akarudi kukaa. Sasa mimi mara ile nilikuwa sahihi au sikuwa? Kocha aliona sikuwa. Alirudi kukaa.

Turudi nyuma ya mdakaji, maana huko ndiko wanakodhani hakuna jasho. Mechi ya shule ni iningi saba, na ukijumlisha timu zote mbili mipira inayorushwa inaweza kupita mia mbili kwa urahisi. Kila mmoja unashuka, unatulia, unaangalia, unanyanyuka. Kichwa chako kinakaa kwenye uwazi kati ya mdakaji na mpigaji, kidevu usawa wa juu ya kofia ngumu ya mdakaji. Iningi ya kwanza na ya pili unashuka vizuri tu. Ikifika ya tano mapaja yanaanza kuungua, na mwili, kwa ujanja wake, unakuibia. Unashuka kidogo pungufu. Sentimita chache tu, wewe mwenyewe hujui. Macho yako sasa yako juu kidogo kuliko mwanzo, na ule mpira wa chini unaokatiza kwenye magoti, ambao saa moja iliyopita uliita straiki, sasa unakuja ukiwa na sura nyingine. Mrushaji anakuangalia. Hakuelewi. Yeye hajabadilisha kitu, aliyebadilika ni wewe, na miguu yako ndiyo iliyokubadilisha.

Ndiyo maana mazoezi yangu mengi hayana mbio ndefu. Nilipotoka kwenye soka nilikuja na tabia ya kukimbia kilomita nyingi alfajiri, na si vibaya, ila haikunisaidia sana. Sasa naegemea ukuta wa gereji, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa, nahesabu polepole hadi mapaja yatetemeke. Watoto wangu wakipita wanasema baba amekaa kwenye kiti cha majini. Halafu naenda kwenye bustani ya mtaa, naweka chupa mbili kwa umbali wa besi mbili, naondoka kwa kasi na kusimama ghafla, kichwa kimetulia. Kuondoka na kusimama. Kurudi kinyumenyume. Kwenda upande upande. Vifundo vya miguu vinazoea kufunga breki, kwa sababu kuumia kwingi ninakokuona kwa wenzangu kunatokea wakati wa kusimama.

Na joto. Houston ya Julai ni Tanga ya Februari iliyonyang'anywa upepo wa bahari. Unyevu uleule, shati linaganda mgongoni vilevile, ila huku huna ufukwe wa Raskazone wa kwenda kupunga upepo jioni. Weka ngao kifuani na nguo nyeusi juu yake, halafu uwanja wenyewe ni wa nyasi bandia unaorudisha joto kutoka chini, na siku ya mashindano unapangiwa mechi zinazofuatana. Maji ya siku ya mechi yanaanza kunywewa jana yake. Asubuhi nakula ndizi na mayai, chai nusu kikombe, chapati naiacha kwa huzuni. Nilijaribu maji ya dafu ya dukani, yale ya boksi. Bei yake, ukimwambia mtu wa Pongwe atakuita mwongo, na ladha ni ya kitu kilichowahi kusikia habari za dafu.

Kuna jina linatajwa kila msimu unapoanza, hasa na wakongwe: John McSherry, mwamuzi wa ligi kuu. Tarehe 1 Aprili 1996, siku ya ufunguzi, uwanja wa Riverfront mjini Cincinnati, wenyeji Reds na Montreal Expos. Alikuwa nyuma ya mdakaji. Ilikuwa imerushwa mipira saba tu. Akaomba kusimamisha mchezo, akageuka kuelekea lango la nyuma, akatembea hatua chache, akaanguka. Moyo. Alikuwa na miaka 51, uzito wake ulipita kilo 140, na alikuwa amechezesha ligi hiyo tangu 1971. Watu waliomfahamu wanamsifu mpaka leo, kwamba alikuwa mwamuzi hodari na mtu wa watu. Kinachonikaa moyoni ni kwamba alikuwa na miadi na daktari kesho yake, kwa ajili ya moyo uliokuwa haupigi sawasawa.

Kesho yake! Wanaume wa kwetu tunaijua sana hiyo kesho. Baada ya kifo kile ligi ilianza kuangalia uzito na afya za waamuzi kwa jicho lingine, lakini huku kwetu chini hakuna anayekupima. Ili upate mechi za vijana unahudhuria mafunzo, unajua kanuni, unanunua sare. Hakuna anayekwambia kimbia mita 40 tuone. Washikaji wangu wa Tanga wananung'unikia ule mtihani kila mwaka, mimi huku ningeulipia. Presha yangu napima mwenyewe, duka la dawa lina mashine pale mlangoni.

Najua kuna atakayeniambia: na Joe West je? Mtu mnene, na ndiye mwenye rekodi ya mechi nyingi kuliko mwamuzi yeyote wa ligi kuu, 5,460, akampita Bill Klem Mei 2021 na kustaafu mwaka huohuo. Kweli kabisa. Mimi sisemi kitambi kinaharibu macho. Nimefanya kazi na wanene wanaowahi pembe kuliko wembamba, kwa sababu wanausoma mchezo mapema na kuondoka mapema. Ila West alikuwa na wenzake watatu uwanjani, na uzoefu ulioanza miaka ya sabini. Wewe na mimi tuna mwenzetu mmoja, na pengine ametoka kazini usiku.

Kujituma nako kuna uongo wake, hilo nalo niliseme. Kuna vijana wapya wanakimbia kila mahali. Mchezo uko besi ya pili, yeye anaukimbilia mpaka anakaribia kumkanyaga mlinzi. Anapendeza kumtazama, lakini akishafika karibu hivyo mgongo wa mlinzi unamziba, haoni kitu, anabaki kukisia kwa kujiamini. Mchezo wa kumgusa mkimbiaji unauona vizuri ukiwa mita tatu au nne, mahali penye uwazi kati ya mkono na mwili. Kukimbia bila kujua unatafuta uwazi gani ni kujichosha.

Na kuna wakati mwamuzi mzuri anajifanya mzembe makusudi. Mpira umempiga mdakaji kwenye koo la maski, au bega, au pale ambapo wanaume wote uwanjani wanashtuka kwa pamoja. Kijana anajikaza, hataki kuonekana dhaifu. Hapo natoa brashi, nageuka kuwapa watazamaji mgongo, nainama nafuta besi ambayo ni safi. Naifuta taratibu sana. Ikiisha, nachukua mpira mpya na kumpelekea mrushaji mwenyewe kwa miguu, hatua kwa hatua, namwuliza hali, narudi kwa mwendo wa harusi. Mdakaji ameshapata pumzi. Naye anajua. Siku mpira ukipita na kunielekea mimi, ataingiza mwili wake katikati.

Baina ya iningi na iningi, ni kukimbia kidogokidogo kwenda mahali pako. Si mbio, ni ule mwendo wa mtu aliyekuja kazini. Usiende kwenye uzio kupiga soga, usitoe simu. Vijana wa miaka 12 wanaiga kila kitu. Refa akijikokota, na wao wanatoka bencheni wakijikokota, mechi ya kuchukua saa mbili inachukua saa tatu, na jua halimsubiri mtu.

Mpwa wangu aliniuliza kwa nini nijisumbue wakati mashine zinakuja. Ni kweli, Septemba 2025 ligi kuu iliidhinisha kwamba kuanzia msimu wa 2026 mrushaji, mdakaji au mpigaji anaweza kupinga uamuzi wa straiki au boli (mpira uliopita nje ya eneo halali), kamera zikaamua. Mimi sina neno na kamera. Lakini hiyo inahusu mpira unaopita juu ya besi ya nyumbani, na iko kwenye viwanja vya mabilioni. Kwenye viwanja vyetu kamera ni simu ya mama wa mchezaji, na haijawahi kumwona mtoto wake akiwa auti.

Wapo Watanzania na Wakenya wawili watatu hapa mjini walioniandikia wakitaka kuanza, mmoja anasema ana miaka 50 na anaogopa kuchekwa. Ndugu yangu, njoo. Anza na watoto wadogo, besi zao ziko futi 60 tu, mita 18, utapata muda wa kujifunza wapi pa kusimama kabla hujaanza kukimbizana na vijana wenye ndevu. Nenda kwa daktari kwanza, wiki hii, mwambie unataka kufanya nini. Kisha nunua viatu, vile vya kazi hii vyenye chuma kwenye vidole, na usivibanie hela. Maski na ngao ligi nyingi zina vya kuazima. Uwanja niupendao mimi uko upande wa magharibi ya mji, una miti upande wa besi ya tatu, Jumamosi mechi ya kwanza ni saa mbili asubuhi. Mimi nafika saa moja na robo, kupasha misuli.